Kijani cha Kandili

Mtu akikwambia kwamba Arbia, muuza maziwa wa Garissa, alikuwa mkaidi, usibishane naye. Alikuwa mkaidi kweli, tena wa kupigiwa mfano. Lakini mkaidi naye ana haki ya kusikilizwa, na kwa habari ya ule ukuta alioupaka mwaka wa sitini na sita, watu walimhukumu kabla hawajamsikiliza. Basi leo asikilizwe.

Arbia alikuwa mjane mwenye watoto wawili. Wa kwanza, Barre, aliondoka na vijana wenzake kwenda porini vita vya kutaka kuungana na Somalia vilipopamba moto. Serikali iliwaita shifta, yaani majambazi; wao walijiita majina mengine. Barre aliondoka na kitambaa cha buluu amekifunga mkononi, na tangu siku hiyo hakuna aliyeleta habari zake, za uzima wala za kifo. Wa pili ni Nafiso, na Ijumaa ya juma la ukuta ule ilikuwa aolewe na Hirsi, dereva wa malori ya serikali. Hirsi alikuwa kijana mpole, mwenye kazi, na siku zile kazi hiyo ilikuwa baraka na balaa kwa pamoja. Walioko porini walimwita msaliti. Walioko ofisini walimtazama kwa jicho la pembeni kwa sababu ni Msomali. Na sasa anamwoa dada yake Barre! Wenye akili zao walimwonya. Akawaambia anamwoa Nafiso, haoi vita.

Sasa, kwa Wasomali wa malishoni nyumba ya bibi harusi hutengenezwa na mama yake. Si fundi, si kaka. Mama husuka mikeka ya kuezekea kwa miezi na miezi, mashoga zake wakija kumsaidia na kuimba, na siku ikifika binti huingia ndani ya kazi ya mkono wa mama. Arbia mwenyewe aliolewa hivyo. Lakini vita viliwang'oa malishoni, mifugo ikaisha, wakasukumwa mjini, na nyumba aliyoipata Hirsi ilikuwa chumba kimoja cha udongo, bati juu, mlango mmoja unaotazama mashariki, dirisha hakuna. Mashoga wakamwambia Arbia ashukuru Mungu kwa hicho hicho.

"Nyumba ambayo mkono wa mama haukuigusa," akawajibu, "ni banda la mbuzi."

Akaapa ataipaka rangi ndani, tena kijani, kama nyika baada ya mvua kubwa, binti yake aamke kila siku kana kwamba mvua imenyesha. Na Arbia akishaapa, wewe mpishe tu.

Rangi za madukani hakuziweza. Alichukua chokaa, akanunua vidonge vya buluu, ile ya kufulia nguo nyeupe, na akapata gunia dogo la udongo wa manjano uliopondwa ukawa laini. Buluu na manjano huzaa kijani. Hilo halihitaji shule.

Siku aliyopanga kupaka ilikuwa Jumatano. Asubuhi hiyo wakasikia kipaza sauti barabarani. Gari la doria lilikuwa limeshambuliwa njia ya Wajir, kwa hiyo mji mzima ufungwe: kila mtu ndani, kila mlango umefungwa, atakayeonekana nje shauri yake. Amri ilimkuta Arbia na Nafiso wameshaingia kwenye chumba kile na vifaa vyao vyote. Mwingine angekaa chini asubiri. Arbia alifunga mlango, akawasha kandili.

"Hooyo," Nafiso alisema, maana ndivyo Msomali amwitavyo mama yake, "tungoje wafungue mji. Humu hatuoni vizuri."

"Ijumaa itatungoja?"

"Haitatungoja."

"Basi koroga."

Nafiso akakoroga. Arbia alisaga buluu, akaimwaga ndani ya karai la chokaa, kisha akaanza kutia ule udongo wa manjano kiganja baada ya kiganja, uso ameuinamisha, kandili karibu na shavu lake. Viganja vichache tu, na chokaa ile ikageuka mbele ya macho yake ikawa kijani kichanga, kizuri, cha kutamanisha mbuzi.

"Imetosha!" akasema.

"Mbona udongo umebaki karibu gunia zima?"

"Chakula kikishaiva, utaendelea kuchochea moto? Leta kitambaa."

Wakapaka. Nje viatu vya askari vinapita, ndani mama na binti wanaimba kwa kunong'ona zile nyimbo za kusuka mikeka. Joto la bati liliwachemsha, chokaa ikawachoma vidole, na Arbia alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo kwa muda mrefu. Kila alipoinua kandili aliona nyika yake imeota ukutani. Walipomaliza walilala humo humo, hoi.

Alhamisi asubuhi amri ikaondolewa. Arbia akasukuma mlango, jua la mashariki likaingia lote kwa mpigo, na ukuta ukawa buluu.

Jamani, si buluu ya kukisia. Samawati, buluu ya mbingu, ile ile ya bendera ya Mogadishu ambayo vijana walikuwa wakiifia porini, na ambayo watu wa mjini walitiwa ndani kwa kuonekana nayo hata kwenye pindo la shuka. Ukuta wa kushoto buluu, wa kulia buluu, wa nyuma buluu. Nyumba ya dereva wa serikali!

Jirani yao Maka alikuwa akipita na kuni kichwani. Huyo Maka hapitwi na kitu. Hata nzi akitua kwako, yeye ndiye atakayekwambia alitoka wapi. Aliona, na kuni zikamwanguka.

"Yaa Arbia! Umepaka bendera! Unataka watuchome sote?"

"Bendera gani? Hiyo ni kijani!"

"Kijani? Kwani mimi kipofu?"

Akaacha kuni pale pale, akaondoka mbio. Ukiona Maka ameacha kuni zake, jua kuna kinywa fulani kinakwenda kufunguliwa.

Arbia akafunga mlango kwa kishindo, Nafiso akawasha kandili. Ukuta ukawa kijani. Arbia akafungua: buluu. Akafunga: kijani. Akafungua tena, safari hii polepole, kama anayemvizia mwizi, na ule mwanga wa nje ulivyoingia ndivyo kijani kilivyokimbia.

"Audhubillahi. Chumba hiki kina jini."

"Si jini, Hooyo. Mwanga wa kandili wenyewe ni wa manjano. Jana ulipokuwa ukipima, taa ilikuwa ikitia manjano yake, nawe ukaona yako imetosha."

"Kwa hiyo taa imenidanganya?"

"Haikudanganya. Kwa taa ni kijani kweli."

"Na nani atakaa kwa taa mchana na usiku? Bundi?"

Nafiso hakucheka. Alishalivuta gunia la udongo wa manjano, akalifungua. Chokaa kidogo ilikuwa imebaki kwenye karai, na debe la maji lilikuwa pale. "Tupake manjano juu yake sasa hivi. Kabla jua halijapanda itakuwa kijani cha kweli. Haya, Hooyo, shika kitambaa."

"Ngoja," Arbia alisema.

"Ningoje nini?"

"Nimesema ngoja."

Akaketi sakafuni katikati ya chumba, mlango wazi, akautazama ukuta. Na hapa ndipo watu walipomhukumu, kwa hiyo yasemwe kama yalivyokuwa. Alipofungua mlango ule asubuhi na buluu ikamjia usoni, moyo wake uliruka, na haukuruka kwa hofu. Uliruka kama mtu anayesikia hodi ya mwanawe. Miaka miwili hakuwa na kaburi la kuzuru wala barua ya kushika. Nguo za Barre alizichoma mwenyewe siku ya msako. Na sasa rangi ile ya kitambaa chake imesimama mbele yake, pana, pande zote, imemzunguka. Alijua ni hatari. Alijua ni ujinga. Akakaa. Nafiso alisihi, akamvuta mkono, akalia, na mama hakuinuka.

Alipoinuka, ni kwa sababu kivuli kiliziba mlango.

Alikuwa Sajini Musembi, Mkamba wa Kitui, mtu mnene mwenye sauti ya upole ambaye kila asubuhi hununua maziwa kwa Arbia na kugombana naye kuhusu povu. Yeye husema povu si maziwa. Arbia humjibu kwamba povu ni baraka, hailipishwi. Leo hakukuwa na povu. Macho yake yalikuwa mekundu, na alimwacha askari wake nje bila kumsemesha.

"Mama Nafiso, sikutaka kuamini," alisema. Akazitazama kuta, moja baada ya nyingine. "Mkweo tumeshamchukua. Yuko juu ya lori. Adhuhuri linaondoka na waliokamatwa, na wewe unajua wanaoondoka hivyo wanakaa huko muda gani."

Nafiso akajishika kifua. Kwa Kisomali Arbia alikuwa na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kinachechemea, na leo alipokihitaji kuliko siku zote kilimtoroka.

"Sajini, hii habana buluu. Wallahi. Hii kijani."

"Usinichezee leo. Leo sina utani."

"Habana kucheza. Wewe ingia. Nafiso, funga mulango."

Mlango ukafungwa, kandili ikawashwa. Musembi akatoa sauti ndogo kooni. Akasogea ukutani, akagusa, akatazama kidole chake. Kisha, kwa kuwa ni polisi na polisi hazaliwi jana, akainyanyua ile kandili, akaing'oa chimni yake kwa leso, akaisugua, akaiangalia kama imepakwa kitu. Ilikuwa glasi nyeupe kama nyingine zote. Akawasha tochi yake: pale mwanga wake ulipopiga rangi ikawa si hii si ile, kama maji ya kufulia. Akafungua mlango mwenyewe. Buluu. Akaufunga. Kijani.

"Mungu wangu," alisema Musembi.

Nafiso akamweleza kwa haraka, Kiswahili chake kikiwa kizuri kuliko cha mama yake: jana mji ulifungwa, mlango haungefunguliwa, walipima rangi kwa taa, wakakosea manjano. Sajini akasikiliza, na bega lake likashuka kidogo. Alikuwa ameelewa. Alishageuka kwenda, mkono uko mlangoni, ndipo mguu wake ukaligonga gunia.

"Na hii nini?"

"Manjano," Arbia akasema.

"Ndiyo mngetia iwe kijani hata mchana?"

"Ndiyo."

"Na mlijua tangu asubuhi."

"Ndiyo."

"Asubuhi ile, na sasa jua limeshapanda. Mbona ukuta bado ni buluu?"

Nafiso aliruka. "Hatukuwa na maji, Sajini!"

Debe lilikuwa limejaa maji mpaka mdomoni, kando ya kiatu cha Musembi. Hakuna aliyelitazama, na wote watatu walijua liko pale. Arbia akamwambia binti yake kwa Kisomali, "Nyamaza, mwanangu. Uongo wako ni mzuri lakini umechelewa." Kisha akamgeukia Sajini. Angeweza kulia, angeweza kuapa, angeweza kusingizia ugonjwa. Hirsi yuko juu ya lori, na neno moja baya litamfikisha gerezani. Lakini kuna uongo ambao mtu akiusema juu ya mwanawe ni kama amemuua kwa mkono wake, na Arbia hakuuweza.

"Sajini, mimi nataka angalia kidogo. Kijana yangu, Barre, yeye nafunga hii rangi hapa mkono, anaenda. Miaka mbili. Mimi habana jua kama anakula, habana jua kama amekufa. Leo nafungua mulango, naona kama yeye ameingia. Nikasema, wacha nikae na yeye kidogo tu. Kosa ni yangu. Hirsi habana kosa. Nafiso habana kosa. Kama ni lori, mimi napanda."

Kandili ikaanza kufifia, mafuta yakikaribia kwisha. Musembi aliposema, hakuwa na sauti ile ya kununulia maziwa.

"Jana, kwenye gari lile la njia ya Wajir, nilimtoa rafiki yangu. Nilimbeba mimi. Tumetoka kijiji kimoja, tumesoma darasa moja. Alifia hapa," akajipiga begani. "Mama yake bado hajaambiwa. Saa hii yuko shambani anapalilia mtama."

Akamkazia Arbia macho.

"Pengine aliyempiga ni mwanao."

"Bengine," Arbia akajibu. Hakumtetea Barre, wala hakumlaani. Kisha akauliza swali ambalo Nafiso aliogopa litawamaliza. "Mama yake naitwa nani?"

Musembi akamtazama. "Katunge."

"Katunge," Arbia alirudia, taratibu, kama mtu anayejifunza njia ya nyumba asiyowahi kufika. Machozi yakamtoka, mengi, bila sauti. Miaka miwili hakuwahi kulia mbele ya mtu, na sasa analia mbele ya sajini wa polisi kwa ajili ya mwanamke wa Kitui.

Askari aliyeachwa nje akakohoa. Musembi akavua kofia, akaiweka sakafuni kando ya debe, akakunja mikono ya shati mpaka viwikoni.

"Fungua mlango," alimwambia Nafiso. "Tupake kwa jua, tusidanganywe tena na taa yenu. Na wewe Mama Nafiso, koroga. Lori halingoji."

Walipaka wote watatu. Musembi alipaka vizuri, kwa mikono mipana, kama mtu aliyekulia kwenye nyumba ya udongo na kumsaidia mama yake kukandika. Manjano iliposhika, buluu ikarudi nyuma, ukuta wa kushoto ukageuka, wa kulia ukageuka, kijani cha mchana, kisichohitaji taa. Sehemu ya mwisho, kipande cha upana wa shuka kwenye ukuta wa nyuma, Nafiso alikisogelea na kitambaa, Musembi akamshika mkono.

"Mwachie mama."

Arbia akaja. Alisimama pale kwa pumzi chache, kiganja kimejaa udongo uliolowa, kisha akaweka kiganja ukutani na kupaka bila kitambaa, kuanzia juu kwenda chini, mpaka buluu ikaisha. Midomo yake ilikuwa ikisema maneno ambayo Waislamu husema mtu anapofariki, kwamba sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Alisema mara moja. Akanyamaza. Akasema tena.

Musembi alikuwa amekaa miaka mingi Garissa na alikuwa ameyasikia maneno hayo kwenye misiba. "Umemsomea nani?" akauliza.

"Mbili," alisema Arbia. "Wote mbili."

Sajini akanawa mikono, akavaa kofia yake, akawa polisi tena. Alisema atakwenda kueleza kwamba ameingia mwenyewe, ameona mwenyewe, na rangi ni kijani. "Na ukuta huu ukigeuka tena," akaongeza, "mimi sikujui, wewe hunijui." Akaondoka kwa hatua ndefu. Arbia na Nafiso walibaki mlangoni wakisikiliza injini ya lori upande wa bomani. Ilinguruma, ikazima, ikanguruma tena, na muda wote huo Nafiso alikuwa ameuma ncha ya ushungi wake. Lori likaondoka. Vumbi likapanda juu ya mabati. Muda ukapita, na hakuna mtu.

Kisha Hirsi akatokea kwenye kona, bila kofia, kiatu kimoja hakina kamba, anatembea kama mtu asiyeamini miguu yake. Alipomwona mama mkwe wake mlangoni akainamisha uso kwa heshima, kama inavyompasa, akasimama mbali. Nafiso, ambaye hakupaswa kumkimbilia bwana harusi siku moja kabla ya harusi, alimkimbilia. Maka aliona, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakwenda kumwambia mtu.

Harusi ilifanyika Ijumaa. Wanawake waliingia kwenye chumba kwa makundi, wakapiga vigelegele, wakasema kijani hicho ni cha ajabu, kizuri kwa jua na kizuri kwa taa, wakamuuliza Arbia siri yake. Akawaambia mkono wa mama. Alicheka nao, akala nao, na walipoanza kuimba aliimba kwa sauti kuliko wote.

Jumamosi alfajiri Musembi alikuwa kituoni, karibu na gari lililombeba rafiki yake kwenye sanduku la mbao, akimsindikiza Kitui. Arbia alifika akiwa na kibuyu kilichofungwa kwa ngozi, kizito. Ilikuwa samli ya harusi, ile bora, ambayo mama hamwekei mtu mwingine ila mkwewe. Akamkabidhi Sajini kwa mikono miwili.

"Ya Katunge," alisema.

Musembi akakipokea. "Akiniuliza imetoka kwa nani, nimjibu nini?"

Arbia alifikiri, akitafuta katika Kiswahili chake kidogo neno ambalo halitamdanganya wala kumuumiza.

"Mwambie imetoka kwa mama mwenzake," akasema, akageuka, akaenda kuuza maziwa.